Hewani: Mto, Boti na Haki ya Mnunuzi

Anayetoka Malindi kwa njia ya Lamu hupita nyika kavu kwa muda mrefu, kisha akikaribia Garsen nchi humgeukia: migomba, miembe na mashamba ya mpunga hufuatana na Mto Tana. Hewani, kijiji cha Wapokomo jirani na Wema, kimo katika neema hiyo. Mto huu humlisha mkulima kwa tope lake, na gharika yake humhamisha. Mafuriko ya El Nino ya 1997 yaliuharibu hata mradi mkubwa wa umwagiliaji wa bonde hilo. Kwa hiyo boti huko si anasa. Wakati wa kiangazi hutembeza jamaa na wageni kutazama viboko na ndege. Maji yajapo, huokoa roho.

Jamaa zangu wa huko walichanga pesa wakanunua mashine mpya ya boti mjini Mombasa. Safari ya tatu ilipata moto, ikazima katikati ya mkondo, na watoto wamo chomboni. Walifikishwa ukingoni kwa upondo, alhamdulillahi. Muuzaji alidai kosa ni tope la mto, na barua ya kwanza kwa mtengenezaji haikujibiwa.

Shangazi, mweka hazina wao, hakugombana. Siku ileile alisimamisha matumizi ya mashine, akakataza fundi yeyote kuifungua kabla haijakaguliwa na wakala, asije akaambiwa ameivunja dhamana. Stakabadhi, kitabu cha maelezo na picha alivitia katika bahasha moja. Kila maongezi ya simu aliyafuatishia barua yenye tarehe, akaeleza anachotaka: mashine nyingine au pesa zake. Mkaguzi alipofika, alikuta pampu ya kupozea ina ufa wa tangu kiwandani. Mashine ikabadilishwa baada ya miezi miwili, kabla ya masika.

Hekima ya kusimamisha matumizi ina mizizi katika sheria yetu. Wanazuoni huiita khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua ila iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa, ana haki ya kurejesha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, arejeshe upesi. Akiendelea kutumia hali anajua, huhesabiwa ameridhia. Muuzaji naye ni haramu kwake kuificha ila anayoijua.

Sheria ya Kenya haiko mbali. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo humhesabu amekubali mali yule aliyekaa nayo muda wa kutosha pasi na kusema kitu. Mapatano yako ni na muuzaji, basi mwanzie yeye, hata kama dhamana imetolewa na kiwanda. Akishupaa, ipo Mamlaka ya Ushindani ya Kenya kwa malalamiko ya wanunuzi, na Mahakama ya Madai Madogo kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.

Akina mama, ninyi ndio watunzaji wa makaratasi ya nyumba. Msiitupe stakabadhi, wala msione haya kuidai haki kwa maneno mazuri. Chombo kinachobeba watoto hakivumiliwi ila yake. Wallahu aalam.