Usiku Doki Ilipokataa Kuamka

Msomaji mwenzangu, kama hujawahi kupoteza kurasa kumi na moja kwa kidole kimoja, mshukuru Mungu kisha uendelee kusoma. Mimi yamenikuta. Nilikuwa peke yangu katika steshenari ninayofanyia kazi hapa Tabora mjini, saa nne na ushee za usiku, mlango nimeurudishia, mbu wanaimba, na riwaya yangu iko mbele ya macho yangu kwenye skrini. Njaa ikanibana. Nikatoka kidogo kutafuta mihogo ya kukaanga. Niliporudi, skrini ilikuwa nyeusi tii.

Sikushtuka. Hizi kompyuta, bwana, ukiziacha dakika kadhaa zinasinzia zenyewe ili kuokoa umeme, na ukizigusa zinaamka. Nikatikisa kipanya. Kimya. Nikabonyeza kibodi, kwanza kistaarabu, halafu kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa wake. Kimya!

Hapa lazima nikueleze hali ya mashine yenyewe, la sivyo utaniona mzembe. (Mzembe nilikuwa, lakini si kwa jambo hilo.) Ni laptopu ya mtumba. Kioo chake kilipasuka kabla mimi sijaajiriwa, na betri yake imekufa kabisa. Mwenye duka, mama mmoja asiyetupa kitu, akaagiza kutoka Dar es Salaam skrini ya mezani iliyotumika pamoja na kidude kinachoitwa doki. Ni kijisanduku cheusi, udogo wake kama nusu tofali, nyuma kimejaa matundu. Skrini inachomekwa humo, kibodi humo, kipanya humo, printa humo. Halafu kutoka kwenye doki unatoka waya mmoja mfupi unaoingia kwenye laptopu. Waya huo ndio unaobeba picha, herufi ninazopiga, na hata umeme wa kuiendesha laptopu. Ni ule wenye kichwa kisicho na juu wala chini, uliotangazwa duniani mwaka 2014. Laptopu yenyewe tunaifunika na kuiweka pembeni kama Msahafu.

Jina doki limetoka bandarini, pale meli inapoegesha kupakua na kupakia. Sisi wa Tabora bahari tunaisikia tu. Lakini kazi hiyo tunaijua kuliko watu wengi, maana mji huu ulikua kwa kazi hiyo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilituama hapa Unyanyembe. Mizigo ikatuliwa, ikahesabiwa. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliokuwa wakirudi kwao. Wakilipwa, wanakwenda makwao, na mwenye msafara anaanza upya kutafuta mabega. Riwaya yangu inamhusu mmoja wa watu hao. Nimeianza tangu nilipomaliza kidato cha nne, kwanza kwenye madaftari, na mama mwenye duka akaniruhusu kuipiga chapa usiku, kwa sharti kwamba mchana barua za maombi ya kazi za wateja zisichelewe.

Basi usiku ule nilifanya nini? Nilifanya ambalo kila mtu angefanya. Nikafunua laptopu, nikaweka kidole kwenye kitufe cha kuwashia, nikakishikilia mpaka taa yake ikazima. Nikaiwasha tena. Skrini ikaitika, kila kitu kikarudi kwa heshima zote, isipokuwa kurasa kumi na moja za sura ya saba.

Utaniuliza, je, programu ya kuandikia haijihifadhi yenyewe kila baada ya dakika kumi? Hujihifadhi. Ila mashine yetu ni nzito, na kila ilipojihifadhi ilikuwa inakwama kidogo na kunikatiza sentensi, nikaizima huduma hiyo kwa mkono wangu mwenyewe. Sina wa kumlaumu. Nilikaa pale mpaka mihogo ikapoa.

Asubuhi nikamweleza mama mwenye duka. Nilitegemea pole.

"Hicho kidude kimeharibika," akasema. "Juzi kilinifanyia hivyo hivyo mteja amesimama. Mwisho wa wiki namwita mtu wa vipuri achukue vyote, tununue simu nzuri."

"Mama, nipe wiki moja tu."

"Wiki moja, mwanangu. Siyo wiki na nusu."

Nikaenda kwa fundi mmoja anayetengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Malipo yangu yalikuwa kumpigia chapa barua ya mgogoro wa kiwanja, na naapa barua ile ilikuwa ngumu kuliko riwaya. Yeye akiendelea kuunguza risasi yake, akaniuliza swali moja.

"Ilipogoma, ulibonyeza Caps Lock ya laptopu yenyewe?"

"Hapana, kaka. Ya nini?"

"Bwana mdogo, ile taa ya Caps Lock ikiwaka na kuzima unavyobonyeza, mashine iko macho. Wewe ndiye usiyeona. Uliiua ikiwa hai."

Nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba marehemu aliyemzika jana alikuwa amezirai tu.

Alinifafanulia, na baadaye nikasoma mwenyewe mpaka nikaelewa. Kompyuta ikilala, karibu kila kitu ndani yake kinakatiwa umeme isipokuwa kumbukumbu ya muda, ambako kazi yako imeshikiliwa kwa umeme kidogo sana. Sentensi zako zipo humo. Ikiamka, haiendelei tu pale ilipoishia kama mtu aliyepiga mwayo. Lazima ijuane upya na kila kilichochomekwa. Doki na laptopu hupatana kwanza juu ya umeme: huanza na volti 5, na wakielewana hupanda, mara nyingi mpaka 20. Skrini nayo hujitambulisha, mimi ni fulani, upana wangu huu, urefu wangu huu. Kibodi na kipanya navyo hivyo hivyo. Mambo haya hufanyika haraka mno, na mmoja akichelewa kuitikia, mwenzake huweza kukata tamaa na kumhesabu kuwa hayupo. Doki ikibaki imeduwaa, vyote vilivyochomekwa humo vinapotea kwa mkupuo. Tena kuna balaa jingine kwa sisi tunaofunika laptopu: inaamka, inatafuta skrini haioni, inakuta kifuniko kimefungwa, inaona heri irudi kulala.

Hapo nikakumbuka jambo nililokuwa nimelisoma kwa ajili ya riwaya. Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 alikuta mfuko wa barua za Livingstone umekwama hapa, juu yake pameandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Njia ya Ujiji inajulikana, na mfuko umekaa tu. Stanley ndiye aliyeuchukua na kumfikishia baadaye mwaka huo wa 1871. Na Livingstone mwenyewe, walipoagana naye Machi 1872, alikaa Kwihara, pale kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho, kilomita chache kutoka dukani kwetu, akisubiri wapagazi mpaka Agosti. Kurasa zangu kumi na moja zilikuwa katika hali hiyo, zipo nzima, hazina wa kuzileta kwenye skrini. Nikawa nimechoma tembe.

Siku ya tatu ya ile wiki, doki ikagoma tena. Safari hii nilikuwa na kurasa nne ambazo sijazihifadhi, kwa sababu mwanadamu hajifunzi mara moja. Nilikwenda uani mara moja tu, nikakuta giza.

Nikakaa. Nikaweka mikono chini ya mapaja ili isifanye ujinga. Halafu nikafunua laptopu taratibu na kubonyeza Caps Lock. Taa ikawaka.

Iko macho!

Nikabonyeza tena ikazima, maana nenosiri la duka ni la herufi ndogo na taa ikibaki inawaka nitakuwa naandika uongo. Kuanzia hapo nikafanya kazi kama kipofu. Nikagusa kitufe kirefu ili kuondoa ile picha ya mlangoni. Nikahesabu mpaka kumi. Nikaandika nenosiri herufi moja moja, nikabonyeza kitufe cha kuingiza. Nikahesabu tena, safari hii mpaka thelathini, kwa sababu naujua uzito wa mashine yetu. Nikajaribu kile ambacho fundi aliniambia huishtua picha, kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na Ctrl, Shift na B kwa mpigo. Laptopu ikatoa mlio mfupi, skrini haikusema kitu. Sawa. Jambo la mwisho: nilipoondoka riwaya ndiyo iliyokuwa mbele, na faili lake lina jina tayari, kwa hiyo kuhifadhi hakutauliza swali. Nikabonyeza Ctrl na S.

Kitaa cha diski kikapepesa.

Kilipepesa kama mara tatu hivi, kikatulia. Je, kilikuwa kinaandika kurasa zangu, au kilikuwa na shughuli zake? Hakuna wa kumuuliza. Nikarudia Ctrl na S, kikapepesa kidogo zaidi. Na dawa ya doki iliyoduwaa ni kuinyima umeme kabisa, na umeme wa doki ndio umeme wa laptopu, na betri hakuna. Yaani kumtibu mmoja ni kumuua mwingine. Nilikaa nimeshika plagi ukutani sijui dakika ngapi. Mlinzi wa duka la jirani akanisalimia kupitia uwazi wa mlango, sikumjibu.

Nikachomoa.

Nikachomoa na ule waya mfupi pia, nikahesabu mpaka sitini ili umeme uliobaki ndani ya doki uishe. Nikarudisha plagi kwanza, taa ya doki ikawaka, ndipo nikachomeka laptopu na kuiwasha. Skrini ikaja. Nikafungua sura ya saba huku nimefumba jicho moja. Kurasa nne zilikuwepo, na zile herufi zangu zilizokosewa zote!

Siku zilizobaki za ile wiki nilizitumia kutafuta kwa nini inaduwaa. Chanzo kilikuwa ubahili. Ndani ya mipangilio, sehemu inayoorodhesha vifaa, kila kituo cha USB kina alama ya tiki inayoiruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa umeme. Kwa mtu anayesafiri na betri ni sawa. Kwetu sisi ilikuwa inaizima doki, na doki haikupenda kuzimwa. Nikaziondoa tiki zote. Kwenye mpango wa umeme kulikuwa na ubahili wa aina hiyo hiyo wa USB, nao nikaufunga. Halafu nikaipa doki toleo jipya la programu yake ya ndani, kazi niliyoifanya alfajiri kwa kifurushi cha simu, nikiomba umeme usikatike katikati, maana ukikatika wakati huo doki inaweza isiamke tena milele. Haukukatika.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nijicheke. Kwa mashine isiyo na betri, kulala ni kamari hata kama doki ni mzima. Umeme ukikatika hata sekunde moja, kumbukumbu ile ya muda inafutika. Kumbe kuna usingizi mwingine mzito, ambamo kompyuta huandika kila kitu kwenye diski kisha ikazima kabisa. Hata ukikatika wiki nzima, ukiwasha unakuta sentensi ilipoishia. Inachelewa kidogo kuamka, lakini nani ana haraka? Nikaibadilisha iwe hivyo. Na kule kujihifadhi nilikokuzima nikakurudisha, kila dakika tano, na ikikwama kidogo nakunywa maji.

Sitakudanganya kwamba doki imepona moja kwa moja. Tangu wakati ule imegoma mara mbili, zote mbili baada ya umeme kurudi kwa kishindo. Mtu wa vipuri alikuja ile Jumamosi kama alivyoitwa, akaondoka na feni mbovu. Siku hizi mama mwenye duka akifika asubuhi, kabla sijamaliza shikamoo, anauliza, "Imeamka?"

Zile kurasa kumi na moja nilizipiga upya. Ni usiku ambao mpagazi wangu analala Kwihara akiwa amelipwa ujira wake, nyumbani kwao ni mwendo wa siku mbili tu, na kiongozi wa msafara anamshawishi aendelee mpaka Ujiji. Zimerudi zikiwa saba. Mshikaji wangu anayenisomea anasema ziko safi, hazina mafuta mengi. Yeye hakuzisoma zile za kwanza. Kulikuwa na sentensi moja juu ya alivyokuwa anaupapasa mzigo gizani kabla ya kuamua, na nimejaribu kila namna, hata kwa kufumba macho na kuacha vidole viende vyenyewe. Haijarudi.