Majivu na Meno ya Nguruwe

Sisi tuishio Holili, mpakani mwa Tanzania na Kenya, hulima juu ya kazi ya volkano. Mawe tujengeayo misingi ya nyumba yalikuwa moto uliomiminika, na Ziwa Chala, si mbali nasi, limejaa ndani ya shimo la volkano. Watoto wetu wayajua hayo. Waulizalo ni hili: nani alikuwapo hata akajua umri wa jiwe?

Jiwe lenyewe hujibu. Ndani yake mna potasiamu, ambayo sehemu yake ndogo hugeuka polepole mno kuwa gesi ya agoni. Mwamba ungali umeyeyuka, gesi hutoroka. Ukishapoa, hunaswa na kulimbikizana. Apimaye agoni hupima miaka. Huko Oldupai, Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, na mumewe Louis akalikisia miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 majivu ya tabaka lile yalipimwa: 1,750,000! Wako waliotufundisha kwamba historia yetu ilianza na majahazi ya wageni. Ndiyo maana tarakimu hizi hazitupiti hivi hivi.

Lakini kipimo nacho huweza kupotoka, na hapo wanyama huitwa kushuhudia. Katika tabaka za chini za Oldupai mna mifupa ya dinotheriamu, jamaa wa tembo ambaye pembe zake ziliota katika taya la chini zikapinda kuelekea ardhini. Katika tabaka za juu hayumo tena. Shahidi bora, hata hivyo, ni nguruwe, kwani magego yake yalirefuka upesi kizazi baada ya kizazi.

Jirani zetu wa Kenya waliyaona hayo Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana. Sampuli ya kwanza ya majivu ya huko ilitoa miaka milioni 221, kwa kuwa mawe makongwe yalikuwa yamechanganyika nayo. Mwaka 1970 ikatangazwa milioni 2.6, na fuvu lililopatikana chini ya majivu hayo mwaka 1972 likahesabiwa kuwa kongwe zaidi. Nguruwe wakakataa: wa aina zao, katika bonde la Omo nchini Ethiopia, walikuwa wa miaka milioni 2 hivi. Wataalamu walibishana karibu miaka kumi, na kwa ukali. Majivu yalipopimwa upya, yalitoa milioni 1.9.