Swali la Mama

Mwaka 1984, tulipokuwa na umri wa miaka 15, tulikwenda na wenzetu kutazama "Mother India" katika sinema moja mjini Tanga. Picha hiyo ya Mehboob Khan, iliyotolewa mwaka 1957, ilikuwa imesifiwa mno na wakubwa wetu. Kihindi hatukukijua, lakini tulipomwona Radha, aliyeigizwa na Nargis, akijifunga nira na kuvuta plau mwenyewe, hatukuhitaji mkalimani. Mama yetu naye alikuwa mkulima, na sare zetu za shule zilitokana na mihogo yake.

Mwishoni Radha alimpiga risasi Birju, mwanawe wa kumzaa, alipokuwa akimteka binti wa mlariba aliyewadhulumu miaka mingi. Wenzetu walilia; sisi tulikasirika. Tuliona kwamba Birju alikuwa akidai haki yake, na kwamba mama yule hakuwa na huruma.

Tulipofika nyumbani tulimsimulia mama yetu kisa chote. Alikuwa akipeta mchele. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na yule binti, mwanangu, yeye alimkosea nani?"

Hatukuwa na jibu. Usiku kucha tulijaribu kuukumbuka uso wa binti yule, tukashindwa, kwani macho yetu yote yalikuwa kwa Birju.

Michezo ya wageni haiudhuru utamaduni wetu iwapo nyumbani tunao watu wa kuipima pamoja nao. Nasi hadi leo, tutazamapo picha yoyote, humtafuta kwanza yule asiyeulizwa neno.