Barua Tuliyoiandika kwa Kiingereza



Juma hili tutazungumza juu ya Kiingereza. Watu wengi wametuuliza kwa nini kila Jumamosi, soko likiisha, tunajifungia darasani na kurudia maneno kwa sauti kama watoto wa mwaka wa kwanza. Wengine wanacheka wakipita dirishani. Tumesikia hata kwamba tunajitayarisha kwenda Marekani! Hapana. Tulianza kwa sababu ya barua moja, na barua hiyo ilitutia aibu. Acha tuwaeleze jinsi ilivyokuwa, bila kuficha.

Msimu ule wa kupanda maharagi hatukuwa na majembe ya kutosha wala mbegu. Tuliambiwa kwamba kuna ofisi ya msaada inayosoma haraka barua zilizoandikwa kwa Kiingereza. Tukasema: si tuna walimu kati yetu? Tukaketi, tukaandika. Kila mmoja alitoa neno lake, na biki ilikuwa mkononi mwa yule aliyesoma ISP, ndiye huyu anayewaandikia pia ukurasa huu. Hatukumwomba mtu mwingine aisome tena. Tulipiga muhuri wa kikundi, Mama Prezida akatia sahihi, barua ikapanda pikipiki ikashuka Sake hadi Goma.

Baada ya majuma matatu akaja dada mmoja Mkenya kutoka ofisi hiyo. Alitusalimu kwa Kiswahili cha kwao, tukafurahi. Kisha akafungua faili yake, akasema kwa upole: «Mama zangu, barua yenu nimeisoma. Majembe mnayadai, sawa, njaa haina adabu. Lakini hapa mmesema kwamba hesabu ya wajane wenu mnaipuuza. Mna maana gani? Hamwajali?»

Darasa lilinyamaza. Mbele kabisa alikuwa ameketi koko mmoja, mjane tangu vita vya zamani, ambaye hajawahi kukosa mkutano wetu hata mmoja. Aligeuka akatutazama. «Ndivyo mlivyoandika juu yetu?»

Sikieni sasa kosa lilitoka wapi. Kwa Kifaransa, mtu anayeomba kitu husema «je demande». Tulilichukua neno hilo, tukalivika nguo ya Kiingereza, tukaandika «we demand». Kumbe kwa Kiingereza «demand» ni kudai kwa nguvu, kama mwenye deni aliyesimama mlangoni. Kuomba ni «ask». Tena kwa Kifaransa «j'ignore» maana yake ni sijui. Kwa Kiingereza «ignore» ni kumwona mtu ukageuza uso. Tulitaka kusema kwamba hatujui hesabu kamili ya wajane wetu. Tukasema kwamba tunaipuuza.

Tulieleza, tukaomba msamaha kwa mgeni na zaidi kwa koko. Mgeni alicheka kidogo, akaelewa. Koko hakucheka. Aliuliza swali ambalo hatukulitegemea: «Sawa, neno lilikosea. Lakini kwa nini hamkujua hesabu yetu?»

Hapo hatukuwa na jibu. Kifaransa hakikuwa na kosa katika hilo.

Tulitoka pale na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwahesabu wajane, nyumba kwa nyumba. Ya pili ilikuwa kujifunza Kiingereza upya, na koko alisema na yeye ataingia darasani, ili siku nyingine asikie mwenyewe kinachosemwa juu yake.

Jambo la kwanza tulilogundua ni hili: Kiingereza tulikuwa tumekifuata kwa njia ndefu. Katika sekondari zetu somo la Kiingereza linafafanuliwa kwa Kifaransa. Mtoto anabeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja. Ni kama mtu wa Masisi anayetaka kwenda Walikale, aambiwe apitie Kinshasa kwanza, wakati barabara ya Nyabiondo iko mbele yake. Ni mbaya, ina matope, lakini ni yake. Basi tulikubaliana kwamba kila neno la Kiingereza tutalitafutia Kiswahili chake moja kwa moja. Na maneno yanayofanana na ya Kifaransa tunayaandika katika ukurasa wa mwisho wa kaye, chini ya kichwa «Ndugu wa uongo». «Assist» ni kusaidia, si kuhudhuria mkutano. «Library» ni maktaba, si duka la vitabu. «Demand» na «ignore» ziko juu kabisa, na mnajua kwa nini.

Maneno mapya tunachukua kumi kwa juma, si zaidi. Hatuyatoi kitabuni, tunayatoa mahali tulipo: jembe, mbegu, homa, kidonda, deni, mjane, shahidi. Na neno haliingii kwenye kaye likiwa peke yake. Lazima liingie ndani ya sentensi ambayo mama anaweza kuisema kweli juu ya maisha yake. Mwenye kuuza fromaji ya Masisi alijifunza bei zake zote kwa siku mbili, maana alizihitaji.

Katika sarufi, Kiswahili chetu kilitushangaza. Wengi wetu tulizoea kuandika «I have planted yesterday», na tulihesabiwa makosa tangu sekondari bila kuelewa sababu. Kosa hilo lilitoka kwenye «j'ai planté hier». Lakini Kiswahili cha shule kinasema «nilipanda jana», na Kiingereza nacho kinasema «I planted yesterday». Tukisema «nimepanda», bila kutaja siku, ndipo linapofaa «I have planted». Yaani -li- na -me- zilikuwa zimetufundisha tayari. Hazilingani kila mahali, lakini kwa kuanzia zinatosha, na makosa yetu yalipungua sana.

Mahali pengine Kiswahili kinatutega. Sisi tunasema «alimpiga», neno moja, na hatujui kama aliyepiga ni mwanaume au mwanamke, wala aliyepigwa. Kiingereza hakikubali. Lazima useme «he hit her» au «she hit him». Mwanzoni tulichanganya «he» na «she» tukacheka sana, baba mmoja akawa «she» mkutano mzima. Lakini siku moja mama mmoja wetu alisema: fikirini mkiwa mbele ya muuguzi mgeni, au mbele ya mtu anayeandika ushahidi. Tuliacha kucheka.

Wasomaji wetu wa Walikale hawahitaji kukumbushwa. Kati ya tarehe 30 mwezi wa saba na tarehe 2 mwezi wa nane mwaka 2010, katika vijiji 13 vya barabara ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi kikiwa kimoja wao, watu wenye silaha walibaka zaidi ya watu 300, wengi wao wanawake na wasichana. Askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa na kambi pale Kibua. Uchunguzi ulipofanywa baadaye, ugumu wa lugha kati ya askari na wenyeji ulikuwa moja ya mambo yaliyotajwa. Hatusemi kwamba Kiingereza kingewazuia wenye bunduki. Hapana. Tunasema kwamba mwanamke ana mambo ambayo hawezi kuyapitisha katika kinywa cha mwanaume asiyemjua, na mkalimani mara nyingi ni mwanaume. Akiwa na sentensi tano zake mwenyewe, ana pa kuanzia.

Tena hata bila vita, lugha hii imetuzunguka. Uganda watoto wanasoma kwa Kiingereza, na Rwanda iliamua mwaka 2008 kukifanya lugha ya kufundishia. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wengi wetu tuna ndugu waliokimbilia Nakivale na kambi nyingine za Uganda. Wanatuambia watoto wao waliokuwa wakubwa darasani huku, kule wamerudishwa madarasa ya chini, si kwa kukosa akili, ila kwa kukosa Kiingereza. Mtoto aliyeanza kusikia lugha hiyo nyumbani hatateremka sana.

Tumesema kusikia, na hapo ndipo penye kazi kubwa. Shuleni tulifundishwa Kiingereza kwa macho. Tuliweza kusoma ukurasa mzima, lakini mtu akisema sentensi moja, tunatazama midomo yake tu. Sasa tunaanza na sikio. Tuna simu moja yenye kadi ya masomo ya Sauti ya Amerika, ile programu ya Kiingereza cha polepole iliyoanza mwaka 1959. Inatumia maneno ya msingi yapatayo 1,500, na msomaji hakimbii. Mwezi wa tatu mwaka 2025 serikali ya Marekani iliisimamisha redio hiyo, lakini kadi yetu haijui habari hizo, bado inasema.

Tunasikiliza kipande cha dakika mbili, mara tatu. Mara ya kwanza hakuna anayeshika biki. Mara ya pili, kila anayesikia neno analolijua anainua kidole. Mara ya tatu tunasimamisha baada ya kila sentensi, tunairudia wote kwa sauti. Ni baada ya hapo tu ndipo tunaandika.

Na hapa koko alitushinda. Koko hakusoma shule, hajui kuandika. Sisi wenye diploma tulikuwa tunaona herufi ndani ya vichwa vyetu, tukisema «know» tunatafuta ile k ya mwanzo tuitamke. Koko haoni herufi yoyote, anasikia «no-u» na anasema «no-u». Mara nyingi kidole chake ndicho cha kwanza kuinuka. Tulijifunza kumwangalia yeye.

Masikio yetu yana kazi mbili ngumu. Moja ni hesabu. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno, ndiyo desturi yetu. Basi «thirteen» tunaikazia mwanzoni, na mtu anasikia «thirty». Kumi na tatu imekuwa thelathini! Tunafanya mazoezi kwa punje za maharagi: mmoja anasema «fifteen» au «fifty», wengine wanahesabu punje mezani. Ukikosa, maharagi unayapika wewe.

Kazi ya pili ni i. Sisi tuna i moja tu. Waingereza wana mbili, fupi na ndefu. «Live», yenye i fupi, ni kuishi. «Leave», yenye i ndefu, ni kuondoka. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita vilifika Masisi-centre katika mwezi wa kwanza, na Walikale-centre katika mwezi wa tatu. Wengi wetu tulitawanyika, na wengine tulisimama mbele ya meza za kuandikishwa. Mwenzetu mmoja aliulizwa na mgeni kwao ni wapi. Alitaka kusema anaishi Masisi. Mgeni alisikia kwamba anaondoka Masisi. Alituambia baadaye: «Yote mawili yalikuwa kweli, lakini nilitaka aandike lile la kwanza.»

Mtatuuliza majembe yaliishia wapi. Tulipita nyumba kwa nyumba, na kazi ilichukua majuma mawili. Tulikuta wajane ambao hatukuwahi kuwaalika, mmoja akiwa jirani wa Mama Prezida. Kisha tuliandika barua ya pili. Ilikuwa na mistari sita. Tuliisoma kwa sauti darasani, tukaifafanua kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na hatukuitia muhuri mpaka koko alipokubali. Mstari wa tatu ulisema: «We have 37 widows.» Dada yule aliporudi, koko aliusema mwenyewe, «thirty-seven», akikaza panapotakiwa. Majembe yalikuja, machache kuliko tuliyoomba. Yalianza kugawiwa kwa wajane.

Leo hesabu hiyo si sahihi tena. Wengine wamehama, wengine wamefiwa tangu wakati huo. Tunaiandika upya, na tunawaomba ninyi mnaosoma mbali na nyumbani mtutumie habari zenu kwa njia yoyote mnayoweza.

Kazi ya juma hili ni nyepesi. Jioni, mkichambua sombe, mmoja aseme «live» au «leave», na mtoto ajibu kwa Kiswahili: kuishi au kuondoka. Fanyeni mara kumi. Mtoto akiwashinda msikasirike, sisi pia tumeshindwa na wetu.

Jumamosi, soko likiisha, mlango uko wazi. Anayekuja na mtoto mgongoni, aje naye.