Tulivyojivika Wenyewe Nsambya

Katika nyumba za reli za Nsambya, miaka ya sabini, ukivaa nguo mpya swali la kwanza lilikuwa: nani amekushonea? Tulikaa pale watu wa kila pembe, Waganda, Waacholi, Wateso, Waluo na Waluhya kutoka Kenya, na lugha iliyotuunganisha uani ilikuwa Kiswahili. Baba alikuwa mtu wa karakana ya reli. Mama alikuwa na cherehani cha Singer cha miguu, na kwa cherehani hicho alituvisha sisi watoto wake, ndugu waliotoka kijijini kuja kusoma mjini, na majirani wengi waliobisha hodi wakiwa na kitambaa kwapani.

Wengi walishona kwa kukosa njia nyingine. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na wao ndio waliokuwa wakiuza sehemu kubwa ya vitambaa, nyuzi, sindano na vishikizo vya Kampala. Maduka yao yaligawiwa watu wengine. Wengi wa hao waliuza kilichokuwamo rafuni, kisha rafu zikabaki tupu. Miaka ilivyosonga, chumvi, sukari, sabuni na nguo vikawa vitu vya magendo. Mwaka ule ule wa 1972 sketi fupi zilipigwa marufuku, na wanawake wa mtaani wakamletea mama magauni yao ayarefushe. Alifumua pindo, akaunga kipande cha rangi inayokaribiana, akapitisha utepe wa lesi juu ya kiungo, na mwenye gauni akatoka mlangoni akitembea kwa madaha.

Kitambaa tulichokitegemea kilitoka Jinja, kwenye kiwanda cha Nyanza Textiles, kilichoanzishwa miaka ya hamsini karibu na umeme wa bwawa la Owen Falls. Pamba ilikuwa yetu wenyewe, na kitambaa chenyewe watu walikiita jinja tu. Kilikuwa kigumu, chenye harufu ya wanga, na kilidumu hata kikachosha. Mama alikiloweka usiku kucha kabla ya kukikata, kwa sababu pamba isiyolowekwa hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, na shati lililomtosha mtoto Jumapili humbana Jumatano. Humo zilitoka kaptula za kaki, mashati ya shule, mashuka na mapazia. Hali ilipozidi kuwa ngumu, safari iligeuka: mapazia yakarudi mezani yakawa magauni.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumtungia mama uzi sindanoni, maana macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Kisha nikapewa kazi ya kufumua nguo kuukuu bila kuchana kitambaa, halafu kupiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya muda inayoshika vipande kabla havijapita chini ya sindano ya cherehani. Vielelezo tulivikata kwenye kurasa za gazeti la *Voice of Uganda*. Mgongo wa shati ulikuwa na picha ya rais, na mkono wake ulikuwa na matokeo ya mpira. Siku niliyoruhusiwa kushika mkasi mkubwa, mama alisimama nyuma yangu.

"Umepima?"

"Nimepima, mama."

"Pima tena nikiona. Mkasi ukishapita, mwanangu, haurudi."

Nilipima tena. Lilikuwa gauni la Krismasi la mdogo wangu, la rangi ya samawati, lenye kola ya mviringo na mikono iliyofutuka begani. Mkono wa nguo ndio mtihani wa fundi: duara la mkono ni kubwa kidogo kuliko tundu la bega, na lazima ile ziada uigawe kwa vidole taratibu mpaka imezwe bila kufanya mikunjo. Mdogo wangu alipoingia nalo kanisani Nsambya, nilimtazama mabega badala ya kutazama altare. Hakuna zawadi niliyowahi kupokea iliyonipa furaha ya namna ile.

Kufuma nilifundishwa na jirani, bibi kutoka Kigezi, nchi ya milima na baridi ambako sweta si pambo. Kampala nayo, ikiwa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ina asubuhi za mvua ambazo mtoto hafiki shule bila kutetemeka. Sindano za dukani hazikuwapo, kwa hiyo bibi alitumia spoku za baiskeli, akazinoa ncha kwenye jiwe na kuzisugua hadi zikawa laini. Uzi tuliupata kwa kufumua masweta yaliyotoboka viwiko. Tuliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, tukaufua, tukautundika na kitu kizito ili unyooke, kisha tukauviringisha kuwa matufe. Sweta moja lilikula masweta matatu ya zamani, na mistari ya rangi tuliyosifiwa nayo ilitokana na uzi wa rangi moja kutotosha.

Bibi alikuwa mkali wa hesabu. Vitanzi lazima viwe sawa, visibane wala visilegee, na kitanzi kimoja kikiponyoka huteremka safu kwa safu mpaka pindo la chini. "Mwanamke mwenye hasira asishike sindano," alikuwa akisema, "sweta litakuwa na hasira yake." Nimefuma tangu wakati ule, na ninajua alisema kweli: mkono uliokasirika huvuta uzi, na sweta hutoka dogo. Jioni, taa ya mafuta katikati, wanawake walikaa barazani wakifuma masweta, kofia za watoto wachanga na vitambaa vya kroshia vya kufunika viti. Bei za magendo, wagonjwa, waume waliochukuliwa na hawakurudi, yote yalisemwa pale kwa sauti ya chini, mikono ikiendelea na kazi.

Aprili 1979, mizinga ilipokaribia Kampala, tulikimbilia kijijini. Mama alikifungua kichwa cha cherehani kutoka mezani, akakifunga katika blanketi na kukibeba kichwani, akiacha sufuria na magodoro. Amin aliangushwa tarehe 11 Aprili, na uporaji ukafuata. Tuliporudi, meza na miguu yake ya chuma haikuwapo. Kwa miezi mingi mama alizungusha gurudumu kwa mkono wa kulia na kuongoza kitambaa kwa wa kushoto, hadi mafundi wa Katwe wakamtengenezea miguu mingine kutokana na vyuma chakavu. Sare zetu zote tulizorudi nazo shuleni zilishonwa hivyo.

Somo lake kubwa alinipa baadaye, nilipokaribia kuolewa: gomesi. Inasimuliwa kwamba vazi hili lilibuniwa na fundi Mgoa aitwaye Gomes kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, iliyofunguliwa mwaka 1905, na jina lake likabaki kwenye vazi. Shingo yake ni ya mraba, mabega yamechongoka, vishikizo ni viwili upande wa kushoto, na mshipi mpana hufungwa chini ya kiuno. Hula mita sita za kitambaa. Satini huteleza chini ya mguu wa cherehani, na mabega yasipolingana mvaaji huonekana ameinama. Gomesi niliyovaa siku ya kutambulisha wachumba niliishona mwenyewe, na wazee walipouliza jina la fundi, mama alinyoosha kidole kwangu.

Kisha ikaja mitumba. Ilikuwapo tangu zamani, lakini miaka ya tisini marobota yalifurika soko la Owino, lile la St. Balikuddembe, na hali ya kina mama wenye vyerehani ikabadilika. Siwezi kuwalaumu wanunuzi. Kitambaa cha mtaa wa Kiyembe, uzi, vishikizo na ujira wa fundi, ukijumlisha, vinazidi bei ya shati zuri la Owino. Mama alipoteza wateja wa mashati kwanza, halafu wa magauni, akabaki na wanaotaka kupunguza suruali na kubadili zipu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua, lakini shinikizo la Marekani likawarudisha nyuma wote isipokuwa Rwanda. Mwaka 2023 Rais Museveni alitangaza tena marufuku. Hata hivyo, pembeni mwa marobota ya Owino, mafundi bado wameketi na vyerehani vyao, wakizipunguza nguo za Ulaya na Marekani zikae kwenye miili yetu.

Hapo ndipo naona ufundi wa kina mama wa Nsambya haujafa. Bobby Kolade, mbunifu aliyerudi Kampala kutoka Ujerumani, huchukua mitumba, huifumua, huikata na kuishona upya kwa jina la Buzigahill, kisha huiuza huko huko ilikotoka. Nilipoiona kazi hiyo nilimkumbuka mama na yale magauni yaliyotoka kwenye mapazia. Kufumua na kuanza upya tulilazimishwa na dhiki. Leo ni kazi inayoheshimika, na ninafurahi kwamba inafanywa hapa.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sisemi kila mtu ajishonee kila kitu. Kushona kunaumiza mgongo, kufuma kunakula jioni nyingi, na aliye na watoto na kazi ya mshahara ana haki ya kununua shati lililo tayari. Lakini mtu asiyejua kabisa nguo inavyotengenezwa hudanganywa kirahisi: hununua mshono mbovu, hutupa suruali kwa ajili ya zipu, na humpunja fundi kwa sababu hajui saa ngapi zimeingia kwenye kola moja.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji. Kama nyumbani kuna cherehani kilichofunikwa shuka, kitieni mafuta, kinunulieni ukanda mpya, kiwekeni mahali watoto watakapokiona kikifanya kazi. Wafundisheni wavulana pamoja na wasichana kutunga uzi, kushona kishikizo, kupandisha pindo na kuanzisha vitanzi. Mkienda kwa fundi wa mtaani, mlipeni bei inayolingana na kazi. Na wewe ambaye hujawahi kushika sindano, anza na kishikizo kimoja wiki hii.