Nyumba Aliyoiacha Marehemu

Baba yetu alifariki akiacha nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Mbangala, imefika kwenye linta. Baba wadogo walitaka iuzwe, wakisema nyumba ya marehemu ina mkosi. Sisi mabinti tulitaka imaliziwe. Tulibishana miezi mingi.

Katikati ya mabishano hayo tulimsindikiza mama Unguja, kumwona mdogo wetu aliyejifungua. Jioni moja tulitembea naye Barabara ya Mizingani, tukasimama mbele ya Zahanati ya Zamani. Jengo hilo linatazama bahari. Roshani zake za mbao zimechongwa kama kitambaa cha kufuma, madirisha yana vioo vya rangi, na kuta zina nakshi.

Mwenyeji wetu alitueleza habari zake. Tajiri wa Kihindi, Tharia Topan, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, Malkia Victoria wa Uingereza alipotimiza miaka 50 ya kutawala. Alikusudia iwe hospitali ya maskini. Alifariki mwaka 1891, na jengo likakamilika mwaka 1894 yeye hayupo. Mwaka 1900 mjane wake aliliuza kwa wasimamizi wa mali ya Haji Nasser Nurmohamed. Chini ikawa zahanati, juu wakakaa wapangaji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa mali ya serikali, likachakaa sana, mpaka shirika la utamaduni la Aga Khan lilipolikarabati, kazi ikaisha mwaka 1996.

Mama alisikiliza kimya, kisha akauliza, “Huyo mjane aliuza mwenyewe?”

“Ndiyo, mama, yeye mwenyewe.”

“Na wagonjwa wakatibiwa humo. Basi mkosi uko wapi?” Akatugeukia. “Wanangu, mnagombana na baba zenu wadogo, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi.”

Tuliona aibu. Kweli, tulidhani tunamtetea, kumbe nasi tulikuwa tumemnyamazisha.

Tuliporudi, mama aliita kikao cha ukoo, akasema neno lake: vyumba viwili viezekwe kabla ya mvua, vingine vingoje. Leo analala humo.

Mama mwenzetu, kama kwenu kuna nyumba ya marehemu inayogombaniwa, je, mjane ameulizwa anataka nini? Anzeni hapo.