Okawa, Mji wa Visanduku Visivyo na Msumari

Ndugu msomaji, bila shaka unalifahamu kasha la Unguja. Hata kama nyumbani kwenu halipo, umepata kuliona kwa bibi au kwa shangazi: mbao nzito, mabamba ya shaba, na misumari ya shaba iliyopangwa safu kwa safu hata ikawa ndiyo pambo lenyewe. Sasa jaribu kufikiri kisanduku ambacho pambo lake ni kinyume cha hayo yote. Hakina shaba, hakina rangi, hakina msumari hata mmoja. Kifuniko chake ni kimia cha vijiti vyembamba vya mbao, vingi kuliko utakavyoweza kuhesabu kwa kutupa jicho mara moja, navyo vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe kama vidole vya mikono miwili. Ukikiinua kwenye mwanga, nyota zinajitokeza zimepangana. Kazi hiyo Wajapani huiita kumiko, na mji nitakaokupeleka leo kuitazama ni Okawa, katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani.

Nianze na jina. Kumi latokana na kitenzi chenye maana ya kuunganisha na kupanga. Ko ni mtoto. Basi kumiko ni "watoto waliounganishwa", na ukiisha kuona jinsi vijiti hivyo vinavyobanana na kutegemeana, utakubali kwamba aliyelitunga jina hilo hakukosea. Lipo pia jina la mwanamke, Kumiko, lakini hilo kwa kawaida huandikwa kwa herufi nyingine, usije ukamshangaza mwenyeji wako.

Kutoka Fukuoka, mji mkubwa wa Kyushu, utapanda treni ya Nishitetsu mpaka Yanagawa, safari isiyofika saa moja. Yanagawa ni mji wa mifereji, ambako wageni hutembezwa katika mashua zinazosukumwa kwa upondo. Ukiwa na nafasi, kaa nusu siku. Kisha utapanda basi, kwa maana Okawa haina stesheni ya treni. Zamani ilikuwa nayo. Reli ya Saga ilipita hapo hadi ilipofungwa mwaka 1987. Kilichosalia ni daraja la chuma juu ya mto Chikugo, lililojengwa mwaka 1935. Urefu wake ni meta 507, na kipande chake cha katikati huinuliwa wima ili vyombo vipite chini yake. Siku hizi hapiti treni, wanapita waendao kwa miguu. Nakushauri usimame juu ya daraja hilo kabla ya kwenda kutazama kisanduku chochote, kwa sababu asili ya ufundi wa mji huu imo katika maji yanayopita chini yako.

Mto Chikugo huteremka kutoka upande wa mlima Aso, ukamwagikia katika bahari ya Ariake. Bahari hiyo ni ya matope, na tofauti ya maji yake kati ya kupwa na kujaa hufika meta 6, kubwa kuliko mahali pengine popote katika Japani. Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa zaidi: mlango wa mto wenye kujaa na kupwa kwa namna hiyo ni mahali pa mabaharia na waunda vyombo. Huko juu, katika milima ya Hita, ndiko ilikokuwa misitu. Magogo yalifungwa yakawa vyelezo, yakateremshwa na mkondo hadi Okawa, mpaka mabwawa yaliyojengwa katika miaka ya 1950 yalipoifunga njia. Mbao zatoka juu, waunda vyombo wako chini, wakakutana hapo. Mji wenyewe husimulia kwamba mnamo mwaka 1536 mtu aitwaye Enokizu Kumenosuke aliuchukua ujuzi wa waunda vyombo akautia katika kutengeneza makabati na makasha. Tangu hapo Okawa ikawa mji wa maseremala, na mpaka leo ni miongoni mwa miji mikubwa ya samani katika Japani.

Kumiko yenyewe ni ya kale kuliko Okawa. Mfano wake wa mapema unaonekana katika hekalu la Horyu-ji, karibu na Nara, ambalo majengo yake yamo miongoni mwa majengo ya mbao ya kale kabisa yaliyobaki duniani. Baadaye kazi hiyo iliingia katika nyumba za watu: katika milango ya karatasi ya kusukuma iitwayo shoji, na katika ranma, yaani madirisha membamba yaliyo juu ya milango kati ya chumba na chumba, yenye kupitisha hewa na mwanga. Huko Okawa imefanywa kwa muda wa karne tatu hivi.

Basi tuingie katika karakana. Kitu cha kwanza utakachokiona ni maranda, membamba hata ukiyaweka juu ya kitabu unaweza kusoma maandishi yaliyo chini. Randa ya Kijapani huvutwa, haisukumwi, na msumeno wao hali kadhalika hukata ukivutwa. Seremala wa kwetu akishika msumeno huo kwa mara ya kwanza mkono humkatalia, kisha akizoea hushangaa jinsi ubapa wake unavyoweza kuwa mwembamba bila kupinda. Mbao zitumiwazo ni sugi, au hinoki, ambayo ni ndugu wa saipresi. Miti hiyo ina nyuzi zilizonyooka na mbao zake ni laini, tena hinoki hunukia. Wajapani waliithamini hinoki kiasi kwamba katika bonde la Kiso, zama za utawala wa Edo, adhabu ya kukata mti bila ruhusa iliweza kuwa kifo.

Fundi hutangulia kuchana mbao kuwa fito nyembamba, unene wake milimita chache tu, kisha huzipiga randa zote zilingane. Hapo ndipo kazi inapokufa au kupona. Ufito mmoja ukizidi unene wa unyoya, kosa hilo litahama kutoka kiungo hadi kiungo, na ukifika mwisho wa kifuniko utakuta pembe haifungi. Fito zikiisha kulingana, huchanjwa mapengo hadi nusu ya kimo chake, zikapandanishwa, huu ukimkalia yule, zikafanya miraba. Huo ndio wavu, au tuseme ni nyumba ambayo bado haina wakazi.

Wakazi ni vijiti vidogo vya ndani, na hapa nakuomba tuende polepole, kwa sababu utamu wote uko hapa. Chukua nakshi iitwayo asanoha, jani la katani. Katika kila mraba huwekwa kwanza kijiti kimoja cha mshazari, kutoka pembe hadi pembe, ncha zake zimekatwa nyuzi 45. Mraba sasa umegawanyika pembetatu mbili. Katika kila pembetatu huingia vijiti viwili kutoka zile pembe kali, ncha zao nyuzi 22 na nusu, vikikutana katikati. Mwisho huingia kijiti cha tatu kutoka pembe iliyobaki, nacho ndicho ufunguo: kikishuka mahali pake, hubana wenzake wote na pembetatu nzima hukaza. Kabla hakijashuka, vyote hucheza. Kikiisha kushuka, unaweza kukipindua kifuniko juu chini na lisidondoke hata moja. Ukivihesabu kimoja kimoja, kila mraba una vijiti saba. Kifuniko kidogo chenye miraba mitatu kwa minne, kipana kama kiganja cha mtu mzima, kina basi vijiti 84, mbali na fito za wavu na fremu yenyewe.

Unauliza, mtu hukataje ncha 84 na zaidi kwa pembe moja bila kukosea? Siri ni gogo dogo la mbao ngumu lenye mfuo katikati, na mwisho wake umekatwa mteremko wa pembe inayotakiwa. Kijiti hulazwa katika mfuo, patasi iliyonolewa ikalazwa juu ya mteremko, ikateleza, ncha ikatoka. Gogo ndilo linalojua pembe. Mkono unajua urefu tu. Lakini urefu huo si mchezo. Kijiti kikizidi kidogo, kitausukuma wavu na mstari wa miraba utapinda. Kikipungua, kitaanguka. Fundi hukijaribu, hukitoa, hukivua utando mmoja kwa patasi, hukirudisha. Gundi hutumika kwa tone, na penye kazi nzuri haihitajiwi kabisa.

Nakshi zenyewe zina maneno yake. Katani humea haraka tena wima, kwa hiyo asanoha imekuwa nakshi ya nguo za watoto wachanga, kuwaombea wakue vivyo hivyo. Kikko ni gamba la kobe, na kobe kwa Wajapani ni dalili ya maisha marefu. Goma ni ufuta, kwa mfano wa mbegu yake. Kwa hiyo mwenye kutoa kisanduku kwa zawadi huwa ametoa na salamu pia, bila kuandika neno. Kwa mama aliyejifungua, jani la katani. Kwa mzee anayestaafu, gamba la kobe. Sisi tuliozoea kanga hatuoni ajabu kwamba zawadi inaweza kusema.

Lakini tangu lini kumiko ikawa kisanduku cha zawadi? Hapa ndipo penye habari yenyewe. Kumiko ilikuwa kazi ya nyumba. Nyumba hizo zinapungua. Familia za mijini Japani zimehamia katika majengo ya saruji yenye madirisha ya kioo na alumini. Chumba cha mikeka chenye milango ya karatasi, kama kipo, ni kimoja tu. Pasipo na shoji wala ranma, fundi wa kumiko atatia kimia chake wapi? Ufundi haufi kwa kukosa watu wenye akili. Hufa kwa kukosa mahali pa kukaa. Maseremala wa Okawa walipata mahali pamoja pa fahari mwaka 2013, wakati kazi yao ilipowekwa ndani ya mabehewa ya treni ya kitalii ya Nanatsuboshi, yaani Nyota Saba, inayozunguka Kyushu. Ni treni ya wenye fedha nyingi. Mimi na wewe tutaitazama ikipita. Wengine walipunguza kipimo. Kimia kilichokuwa kikijaza dirisha kikawa kifuniko cha sanduku, kivuli cha taa, au kitako cha kikombe.

Wapo wanaoona kwamba huko ni kushuka daraja, kutoka ukutani hadi mezani. Mimi sikubaliani nao. Kisanduku humkaribisha mtu ambaye hana nyumba ya kutia ranma, tena humkaribisha mwanafunzi. Dirisha zima ni kazi ya mtu aliyefundishwa miaka mingi, ilhali kifuniko cha miraba kumi na miwili kinaweza kujaribiwa na mtu wa kawaida aliyetoka kazini, jioni kwa jioni. Ndiyo maana ufundi huu umevuka bahari. Desmond King wa Australia, aliyesomea useremala huko Toyama, Japani, aliuandikia vitabu hatua kwa hatua, na leo huko Australia, Uingereza na Marekani wapo watu wanaotengeneza visanduku vya kumiko nyumbani kwao kwa zawadi za Krismasi. Ninachokiogopa ni vimia vinavyokatwa kwa mashine katika ubao mmoja mwembamba na kuuzwa kana kwamba ni kumiko. Ili usidanganywe, tazama mahali vijiti vinapokutana. Penye kumiko utaona mistari ya viungo, na nyuzi za mbao zimefuata urefu wa kila kijiti. Penye ubao uliotobolewa, nyuzi zote zinakwenda upande mmoja.

Ukitaka kujaribu, usianze na sanduku. Anza na mraba mmoja, upana wa sentimeta tano hivi. Pata mbao laini isiyo na vifundo. Msonobari utafaa, na mabaki ya karakana ya seremala wa mtaani yatatosha. Gogo la kuongozea patasi litengeneze kwa mbao ngumu kama mninga, pembe zake tatu: nyuzi 45, nyuzi 22 na nusu, na nyuzi 67 na nusu kwa zile ncha zinazokutana katikati. Noa patasi mpaka ikate nywele. Ukipata miraba minne iliyokaza bila gundi, hapo ndipo uanze kufikiria kuta za sanduku, ambazo ni kazi nyepesi kwa kulinganisha. Anayekusudia zawadi ya sikukuu ya Desemba aanze mwezi wa Septemba.

Huko Japani mwezi wa Desemba ni msimu wa oseibo, zawadi za kufunga mwaka apewazo mwalimu, mkubwa wa kazi au mtu aliyekufaa. Nyingi hununuliwa madukani: mafuta ya kupikia, nyama, sabuni, zikapelekwa na wachukuzi bila mtoaji kuonana na mpokeaji. Kisanduku kilichofanywa kwa mkono kina desturi tofauti, maana hicho hupelekwa mwenyewe. Hufungwa katika furoshiki, kitambaa cha mraba kinachokutanishwa pembe zake juu na kupigwa fundo, kama mtu afungavyo mzigo wake katika kanga. Ukifika, unalifungua fundo wewe mtoaji, unakigeuza kisanduku kimwelekee mwenyeji, unakitoa kwa mikono miwili, kisha unakikunja kitambaa chako na kukirudisha mfukoni. Mwenyeji atakiweka kando akushukuru, atakuletea chai, na hatakifungua mpaka uwe umekwisha kuondoka.